Kipande cha Majirani

Ujumbe ulinifikia Alhamisi asubuhi nikiwa kwenye kiti cha kinyozi hapa Kibiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Uliandikwa na binti wa mkulima mmoja wa Chumbi kwa maneno machache: "Mama ametutoka alfajiri. Anazikwa leo baada ya Adhuhuri." Nilimwomba kinyozi amalize upesi, naye alipojua sababu alikwenda mbio kiasi kwamba nilipanda basi la Ikwiriri nikiwa na mkwaruzo nyuma ya sikio. Hata hivyo nilichelewa. Nilipovuka daraja na kufika Chumbi, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, kandambili zao zikiwa bado na udongo. Nilikosa maziko ya mtu ambaye, katika miaka yangu yote ya kazi, ndiye aliyenifundisha kuandika ukweli. Jambo hilo liliniuma siku ile na bado linaniuma.

Msomaji wangu wa siku zote anajua kuwa ukurasa huu hauna desturi ya kuwalilia wakubwa. Wakubwa wana watu wa kuwalilia. Huyu hakuwa mkubwa. Hakuwahi kushika hata ujumbe wa nyumba kumi, wala hakuna picha yake amesimama kando ya mgeni rasmi. Alikuwa mkulima wa mpunga katika bonde la Rufiji, mjane mwenye binti mmoja na wajukuu tele, na kwa miaka mingi shamba lake lilikuwa mahali ambapo mbegu mpya za mpunga zililetwa kujaribiwa kabla ya kupelekwa kwa wakulima wengine. Kwa sababu ya vibao vyenye namba vilivyosimikwa shambani humo, jirani zake walimwita Mama Vibao, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake halisi nawaachia waliomzika.

Kabla kalamu haijawa jembe langu, nilikuwa karani wa vipimo katika kikosi kidogo cha watafiti wa mbegu. Kazi yangu ilikuwa kubeba mizani, kujaza fomu na kunyamaza. Mkuu wetu alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache, tuliyemwita Daktari. Yeye alichagua wakulima wachache, na shamba la kila mmoja likagawanywa vipande vinne vya ukubwa mmoja. Kipande chenye kibao namba moja kilipandwa mbegu ya wenyeji, ile ndefu yenye harufu nzuri. Namba mbili, tatu na nne zilikuwa mbegu mpya. Mkulima alitakiwa avipalilie vyote sawa, bila upendeleo, kama mke mwenza mwema anavyotakiwa kuwatendea watoto wote wa nyumba. Mwisho wa msimu sisi tulikuja kuvuna, kupura, kupima na kuandika, na mbegu ikafa au ikapona kwa kile tulichoandika.

Mama Vibao aliipokea kazi hiyo kwa majivuno niliyoyapenda tangu mwanzo. Kila asubuhi alivifuta vumbi vibao vyake kwa pindo la kanga, na mgeni akipita njiani alimwita aje avione, awe na haraka au asiwe nayo. Alikuwa na ulimi pia. Siku ya kuuzindua mradi, Daktari alisimama mbele ya watu akasema kuwa majaribio haya ni kwa faida ya wakulima wadogo. Sauti ikatoka nyuma: "Mdogo nani, baba? Mie nina wajukuu saba!" Watu walicheka mpaka Daktari akasahau alichotaka kusema. Tangu siku ile, kila alipolifikia neno hilo kwenye hotuba zake, alimtafuta kwanza Mama Vibao kwa macho.

Namba nne ndiyo iliyotuletea kisa ninachotaka kukisimulia. Ilikuwa mbegu fupi, na akina mama hawakuipenda kwa kuitazama, kwa kuwa huku kwetu wengi bado huvuna kwa kisu, shuke moja moja, na mpunga mfupi huumiza kiuno. Lakini ilikuwa na sifa moja kubwa: iliiva wiki tatu kabla ya mbegu ya wenyeji. Kwa anayenunua mchele dukani, wiki tatu si kitu. Kwa mtu wa bondeni, ambaye mpunga wa mwaka jana umekwisha na wa mwaka huu bado ni majani, wiki tatu ni tofauti kati ya mtoto kulala ameshiba na kulala amedanganywa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi wa mizani tulikuwa wenye shibe. Tuliandika kwenye karatasi kuwa mbegu "inawahi," tukaendelea na mengine.

Msimu ule bahati haikuwa yetu. Shamba la Ruaruke liliingiliwa na nguruwe pori mara mbili kwa wiki moja, lisibaki kitu cha kupima. La Dimani mvua ililikatikia wakati mpunga unatoa mashuke, ukakauka umesimama. Likabaki shamba la Mama Vibao peke yake. Daktari alitueleza wazi kwamba namba nne ikishindwa hata Chumbi itaondolewa kwenye majaribio na haitarudi tena. Alimweleza na mwenye shamba, akamkumbusha sharti walilokubaliana tangu kupanda: lisiguswe hata shuke moja kabla ya siku ya mizani. Mama Vibao akajibu kuwa amesikia, na kwamba yeye si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili.

Siku ya kuvuna namba nne ilipofika, gunia halikujaa hata nusu. Daktari aliitazama mizani, akaigonga kwa kidole, akaitazama tena. Mimi nilikuwa nimezunguka kile kipande kabla ya kuvuna, na niliona mabua mengi yasiyo na mashuke, yamekatwa sawasawa kwa urefu mmoja. Nikajiambia ni ndege. Ndege, msomaji wangu, hawatumii kisu. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale pale, lakini fomu yangu haikuwa na swali linalohusu mabua, na mimi nilikuwa kijana wa kujibu yaliyoulizwa. Chini kabisa palikuwa na nafasi nyembamba kama kidole iliyoandikwa "Maelezo." Nikaandika humo: "Mavuno hafifu."

Mama Vibao, ambaye siku nyingine hungepata nafasi ya kukohoa mbele yake, siku hiyo alikuwa kimya. Aliitazama kalamu yangu muda wote. "Umeandikaje, mwanangu?" akauliza. Nikamsomea. "Hafifu ndiyo nini?" Nikamwambia maana yake ni kidogo, kwamba mbegu haizai. Akatikisa kichwa, akaenda kukunja mikeka ambayo hakuna aliyemwomba aikunje.

Tulilala Ikwiriri. Asubuhi tukiwa tunapakia mizani garini mbele ya nyumba ya wageni, pikipiki ikasimama, akashuka Mama Vibao. Alikuwa amevaa buibui lake la kutokea, lile la harusini. Nilipomwamkia aliitikia "marahaba" bila kunitazama, akauliza Daktari yuko wapi, kwa kuwa hakuja kwangu. Daktari akatoka na kikombe cha chai mkononi.

"Daktari, ile mbegu haina kosa," akasema kabla hajakaribishwa kiti. "Nimeila mie."

"Umeila vipi, mama?"

"Nimekata pepeta. Nikala, nikagawa. Sasa nyie mwaisema haizai. Imezaa, baba. Imezaa, tumeila!"

Kwa msomaji asiye wa pande hizi, pepeta ni mpunga uliokatwa ungali na ubichi wake, ukakaangwa chunguni na kutwangwa mara moja ukiwa wa moto mpaka punje zinalala bapa. Ni chakula cha kwanza cha msimu, na desturi yake ni kwamba anayeanza kukipata hali peke yake. Bakuli huenda nyumba ya kulia na ya kushoto, na kwanza kabisa penye mgonjwa na mzee. Asiyepeleka hagombezwi, ila siku nguruwe wakiingia shambani kwake, atapiga kelele peke yake. Kwa kawaida desturi hii haimwumizi mtu, kwa kuwa mashamba yote huiva karibu pamoja, bakuli likienda na jingine linarudi. Lakini mwaka ule, kwa mara ya kwanza, mpunga wa nyumba moja uliiva wiki tatu kabla ya kitongoji kizima. Mabakuli yakawa yanaenda tu, hakuna linalorudi, na watu wote wakawa wanakitazama kipande kimoja chenye kibao. Sisi tulioileta mbegu hatukuliwaza hilo hata dakika moja.

"Si tulikubaliana, mama?" Daktari alisema. "Hata shuke moja?"

"Tulikubaliana, na nilikubali kwelikweli. Lakini weye hukuwapo. Jirani yangu wa kulia ana mgonjwa ndani, harufu ya mpunga inamfuata kitandani. Nimwambie nini? Huu wa mizani?"

"Ungenipigia simu."

"Nikupigie nikwambie nini, na weye ushasema hata shuke moja?"

Nikamuuliza mbona jana hakusema. Hapo akanigeukia kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa na maji. "Jana niliona haya, mwanangu. Watu walikuwa wengi. Nikasema moyoni, potelea mbali, nikisema wataning'olea vibao vyangu. Nikalala nalo, nikaamka nalo. Nikinyamaza mie, mbegu ndiyo inayofukuzwa. Na mwakani kipindi kama hiki wale nitawapa nini?"

Daktari akaweka kikombe chini. Kisha akauliza ni nyumba ngapi zilizopata. "Kumi na moja," akajibu. "Na mwalimu wa madrasa. Kumi na mbili." Tukarudi Chumbi tukiwa na bakuli mkononi, tukapita nyumba hadi nyumba kuuliza kila mtu alipata kiasi gani. Sijawahi kufanya utafiti uliokuwa na kelele kama ule. Mama mmoja alikula kiapo kuwa yeye alipata nusu bakuli tu, na aliposikia jirani yake alipata bakuli zima, ugomvi ukaanza mbele yetu. Mzee mmoja alisema hakupata kitu, huku mkewe nyuma yake akitikisa kichwa kutukataza tusimwamini. Mwingine alikuwa amekwenda visiwani kwenye harusi wakati wa kugawa, hivyo sisi ndio tuliomjulisha kuwa alipitwa. Kufika adhuhuri tulikuwa na hesabu isiyoaminika na mtu yeyote, na Mama Vibao alikuwa na magomvi mawili mapya.

Daktari akaamua alivyopaswa kuamua. Kipimo cha bakuli hakiandikwi kwenye utafiti, hivyo kipande kizima kikaandikwa kuwa kimeharibika. Nilikata maneno yangu ya jana kwa mstari mmoja. Namba nne haikuhukumiwa, lakini ilibaki bila shahidi. Viongozi wa kijiji walimsema Mama Vibao kwa kuwaaibisha mbele ya wageni, na utaratibu wetu ulisema mkulima aliyevunja sharti harudishiwi majaribio. Daktari alimweleza hayo yote bila kumficha.

"Haki yako, baba," akasema. "Lakini nakuomba jambo moja. Mwakani nikatie vipande vitano. Vinne vya mizani. Cha tano cha majirani, na hicho usikitie kibao."

"Na mkikimaliza cha majirani?"

"Tukikimaliza si tushakula? Atakayegusa cha mizani baada ya hapo, nitamsema mie mwenyewe kisimani, mpaka ahame."

Daktari akacheka. Nilikuwa nimefanya naye kazi misimu miwili na sikuwa nimewahi kuyaona meno yake. Akalivunja lile sharti letu la kutomrudishia mkulima majaribio, akalitetea mbele ya wakubwa zake, na mwaka uliofuata tukapima vipande vitano. Kile cha tano, tulichokipanda mbegu ile ile ya namba nne, kilipoanza kuiva, kikakatwa chote, na mabakuli yakaenda nyumba zote, la mama wa nusu bakuli likiwa limejaa hadi juu. Siku ya mizani, kipande cha namba nne kilikuwa hakijapungua shuke. Gunia lilijaa, tukatafuta la pili. Mbegu ile ikapona, na leo ukipita bondeni msimu wa njaa utaiona imeinamisha vichwa wakati nyingine bado ni za kijani. Haikuifukuza mbegu ya zamani, wala haikutakiwa kuifukuza. Mwenye akili hupanda zote mbili: fupi ya kuiwahi njaa, na ndefu yenye harufu ya kumpikia mgeni.

Mimi si mmoja wa wanaoamini kuwa zamani kulikuwa kuzuri zaidi. Nafurahi kuona mkulima wa Ruaruke anapiga picha jani lenye ugonjwa na kulituma kwa afisa ugani kabla jua halijapanda. Nafurahi kuona maduka ya mbegu barabarani, na vijana wanaouliza maswali ambayo sisi hatukuthubutu kuyauliza. Lakini katika kila fomu niliyoiona tangu wakati ule, nafasi ya Maelezo bado ni nyembamba kama kidole. Tunapenda kupima, na kupima ni jambo jema. Asiyepima hubahatisha, na njaa haibahatishiwi. Kosa letu ni kudhani kuwa kilichomo kwenye mizani ndicho kilichozaliwa shambani. Kwa mwanamke yule, sehemu iliyokosekana kwenye gunia ndiyo iliyokuwa ushahidi mkubwa kuliko wote: nyumba kumi na mbili ziliionja mbegu mpya, zikaipenda, zikaimaliza. Watafiti hulipa watu wazunguke na madodoso kutafuta jibu la namna hiyo. Sisi tuliletewa bure, na mimi nikaliandika "hafifu."

Na tusisahau kilichomgharimu. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Angebaki na heshima yake, vibao vyake na nafasi yake ya majaribio. Alipanda pikipiki amevaa buibui la harusini kwenda kujishitaki mwenyewe, kwa sababu aliona jambo ambalo sisi wenye elimu hatukuliona: kwamba aibu yake ingepita baada ya msimu mmoja, lakini mbegu ikifukuzwa imefukuzwa. Nimewaandika watu wengi mashuhuri katika kazi hii. Wachache sana kati yao wamewahi kusema "nimeila mie."

Msimu huu alikuwa na majaribio mengine, mbegu nyingine mpya, vipande vitano kama kawaida. Alifariki wakati kipande cha majirani kimeanza kuiva na vya mizani vinajaza punje. Binti yake alikuwa ndani ya msiba. Afisa ugani wa sasa, binti mchapakazi aliyeanza kazi juzi tu, alikwishaiandikia ofisi yake kuwa shamba la Chumbi lihesabiwe limepotea, maana mpunga usio na mlinzi kipindi cha ndege ni wa ndege. Wiki tatu baada ya maziko alinipigia simu. "Mzee, njoo uone," alisema, na hakutaka kunieleza zaidi.

Nilikwenda. Kipande cha majirani kilikuwa kimekwisha kukatwa; niliambiwa pepeta yake ililiwa siku ya hitima. Vipande vya mizani vilikuwa vimesimama vyote, vizito, rangi ya dhahabu, na juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia shamba, palikuwa na mama mmoja mzee anavuta kamba zilizofungwa makopo. Nilimtambua polepole. Alikuwa yule wa nusu bakuli. Nikamuuliza anafanya nini kwenye shamba la watu.

"Leo zamu yangu ya kuamia ndege," akasema. "Jana ya yule wa nyumba ya bati. Tangu tumzike haijapita siku bila mtu hapa."

"Nani aliyewapangia zamu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Apange nani? Sie si tushakula?"

Tulivuna siku ile ile. Mizani haikupungukiwa. Yule binti afisa alipofika chini ya fomu alisita, akaniuliza mzee kama mimi ningeandika nini kwenye Maelezo. Nilimweleza funzo lililonichukua nusu ya maisha kulielewa: kabla hujaandika kuwa mbegu ni mbovu, uliza kilichopungua kimeingia nyumba ya nani, na ukitaka watu wakulindie kipande chako, waache kwanza wale chao. Alisema ni maneno mazuri ila hayataenea. Ni kweli. Nikaomba kalamu yake, nikabana herufi kadiri nilivyoweza, nikaandika: "Mwenye shamba amefariki. Majirani wamelinda. Mavuno kamili."